Kapteni Aliyeweka Mguu Chini

Hotelini, Italia
9 Mei

Dada Marleny,

Shikamoo. Mimi mzima, ila miguu imeanza kulalamika na mbio za baiskeli ndiyo kwanza zina siku mbili. Wewe je, mgongo umetulia? Ng'ombe wanaendeleaje na baridi ya huko Toca? Msalimie Don Anselmo na wote wanaoshinda kwenye duka lake la mikate wakinichambua.

Sasa nieleze jambo moja. Nimefungua ile Ligi ya Toca kwenye simu nione safari hii mmechagua nani. Nikapita timu moja moja. Padri kaniweka. Mwalimu wa hesabu kaniweka. Hata Don Anselmo, ambaye hajanisamehe kile kioo nilichomvunjia utotoni, kaniweka. Ndiyo desturi yenu tangu nianze kukimbia Ulaya: kila mtu anapewa sarafu mia za mchezo, ananunua waendesha baiskeli wanane, na mmoja wa hao wanane ni mimi, nilete alama nisilete. Mnaiita nafasi ya nyumbani.

Nikafika kwenye timu yako. Nikaisoma, nikairudia, nikaazima miwani ya fundi wetu nikaisoma tena. Watu wanane, mimi simo.

Toca nzima imenichukua isipokuwa dada yangu. Fundi kacheka mpaka kaangusha spana. Umesahau, au?

Mdogo wako,
Wilmar


Toca
10 Mei

Wilmar,

Marahaba. Mgongo ni ule ule. Ng'ombe wazima, baridi imeunguza nyasi za bondeni, lakini maziwa hayajapungua sana.

Sijasahau. Mimi sisahau kitu, unanijua.

Wewe kwenye ligi unauzwa sarafu sita. Mwaka jana, wiki tatu nzima, ulileta alama nne, na mbili kati ya hizo nadhani mtambo ulikosea. Kwa sarafu sita hizo hizo nampata yule Mnorwe anayechomoka mbele ya kundi kila mvua ikinyesha, alama themanini. Hesabu hiyo hata ndama anaielewa. Padri anakuweka kwa upendo, na padri ni wa ishirini na sita kwenye msimamo. Mimi nimeishinda ligi hii miaka miwili mfululizo, na sikuishinda kwa kumbeba mtu mgongoni.

Kwenye kituo cha maziwa wanapima kinachofika. Kilichomwagika njiani hakuna anayekiandika.

Na kama unataka sababu nyingine, iulize televisheni.

Kula vizuri. Vaa soksi kavu.

Dada yako,
Marleny


Kwenye basi la timu
13 Mei

Dada,

Shikamoo. Sisi hatujambo, tumelowa tu. Mvua tangu asubuhi, na huyo Mnorwe wako kachomoka, kwa hiyo hongera.

Kinachofika! Basi nikwambie kinachofika. Leo nimerudi nyuma kwenye gari letu sijui mara ngapi kuchukua chupa za maji, nikazisokomeza ndani ya jezi mpaka nikavimba kama kuku anayetaga, nikakimbia tena mpaka mbele ya kundi, nikawagawia wenzangu. Kisha nikamkinga upepo Joris, Mbelgiji wetu, kiongozi wa timu, ambaye anataka kuzishinda mbio hizi. Yeye kamaliza wa tatu. Mimi wa mia na arobaini. Ligi yenu imempa yeye alama, mimi sifuri. Lakini alama zile, dada, nusu ni jasho langu. Hulijui hilo? Si ni wewe uliyenifundisha kujibana nyuma ya lori la viazi ili nisipigwe na upepo?

Na hiyo televisheni ni habari gani? Usinitupie neno halafu ukafunga mlango. Sema.

Mdogo wako,
Wilmar


Toca
14 Mei

Wilmar,

Umeniamkia, nimeitika. Umetaka niseme, nasema, na usinikatize.

Jumatano kabla ya mbio kuanza walionyesha mahojiano yenu, Wakolombia wote mnaokimbia. Dukani kwa Don Anselmo hapakuwa na pa kukaa. Mimi nilikuwa nimepeleka jibini, nikabaki mlangoni na trei mikononi. Mtangazaji akakuuliza, "Nani amekufikisha hapa?" Nikajisemea moyoni, haya, sasa. Nikaweka nywele sawa, mjinga mimi, kana kwamba ungeniona.

Ukasema: "Hakuna mtu. Mama alipofariki nilibaki peke yangu mlimani. Nimejilea mwenyewe."

Watu wote wakaanza kuangalia vikombe vyao. Don Anselmo akapunguza sauti, kashachelewa. Mjane wa Fonseca akaniuliza, "Marleny, kwani wewe ulikuwa wapi?" Akacheka peke yake.

Nilikuwa wapi! Nilikuwa nakamua. Nilikuwa namuuza Golondrina, ng'ombe aliyenilisha kuliko wote, ili upate baiskeli ambayo haijachomelewa shingo. Nilikuwa nakupikia supu ya maziwa na mayai kabla hakujapambazuka, halafu nakufuata na pikipiki kwenye kile kilima cha makaburini, nakutukana mpaka ufike juu. Nilikuwa namwambia Leovigildo arudi kwao na pete yake, kwa sababu alinitaka mimi bila "yule mtoto". Aliyejilea mwenyewe ni mimi, Wilmar. Mimi! Nilianza na dumu moja la kukopa, leo nina tangi la kupozea maziwa na lori. Na juu ya kujilea nikakulea na wewe.

Sikudai hata peso, na sitadai. Nadai sentensi moja. Uliniondoa mbele ya watu, utanirudisha mbele ya watu.

Mpaka siku hiyo, kwenye timu yangu huna nafasi.

Dada yako, kama unakumbuka kwamba unaye,
Marleny


Hotelini, chini ya milima
24 Mei, siku ya mapumziko

Dada yangu,

Shikamoo. Naomba maneno haya yakukute mzima. Nimekaa kimya muda mrefu. Kila nilipoandika nilifuta.

Yale maneno hayakuwa yangu. Yalikuwa ya Corrado, msemaji wa timu. Alinikalisha chini akaniambia yatima aliyejilea milimani anauzika, ila kijana mwenye dada mwenye lori la maziwa hauziki. Wanatengeneza filamu juu ya timu, na mimi ndiye yatima wao. Mkataba wangu unaisha mwaka huu, dada, na Corrado anakula meza moja na wanaoamua nani abaki. Nikasema nilichoambiwa.

Sijisifu. Lakini na mimi nina hasira. Wewe ni bosi wako mwenyewe tangu ukiwa na miaka kumi na tisa. Hujawahi kukaa mbele ya mtu ambaye akikunja uso tu, kazi huna.

Sentensi yako leo siwezi kuitoa, kwa sababu hakuna anayemwekea mbeba chupa kipaza sauti. Sasa sikiliza. Alhamisi nimepewa ruhusa. Mkurugenzi wetu amesema mlima wa mwisho nichomoke, nikimbie mbio zangu mwenyewe. Nikishinda wataniuliza, na wakiniuliza nitajibu. Soko la ligi liko wazi leo tu. Nichukue. Toca waache kuuliza kuna nini kati yetu.

Mdogo wako,
Wilmar


Toca
24 Mei

Wilmar,

Marahaba. Mimi mzima wa mwili.

"Nilichoambiwa." Wakikwambia useme una mkia, utasema?

Nimepiga hesabu. Mshindi wa Alhamisi anapata alama mia, na akiwa kapteni anapata mara mbili. Ninaongoza kwa alama sitini na mwalimu wa hesabu ananipumulia kisogoni. Nimemuuza Mnorwe, nimekununua wewe. Kisha nimemvua Mholanzi wangu ukapteni nikakupa wewe. Usivimbe kichwa. Umesema una ruhusa, na mlima wenyewe nimeuangalia kwenye ramani: mrefu, haulegei, ni wa mapafu ya mtu wa Toca.

Duka zima limecheka. "Marleny, una homa?" Don Anselmo kaniuliza. "Mbeba chupa awe kapteni?" Nikamwambia aangalie mikate yake inaungua.

Angefanya mtu mwingine kosa hili ningemcheka mpaka Krismasi. Ninalifanya mimi. Usinifanye nilijutie.

Kula wali, acha mikate.

Dada yako,
Marleny


Toca
27 Mei

Wilmar,

Salamu leo sina.

Ulikuwa mbele. Mlikuwa watatu, Mfaransa akachoka, Mhispania akachoka, ukabaki peke yako na kilomita nne za kupanda. Duka kimya, unasikia tanuri tu. Padri kasimama juu ya kiti. Mjane wa Fonseca, yule yule, kanishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Ndipo nikaona unashika sikio, pale wanapokuwekea redio. Nakujua toka mdogo: unashika sikio ukiambiwa usichokitaka.

Ukaweka mguu chini.

Ulisimama, Wilmar! Kwenye kona, kando ya barabara, kama mtu anayesubiri basi la kwenda sokoni. Uliowaacha wakakupita mmoja mmoja, wewe unaangalia bondeni. Mpaka akatokea Mbelgiji wako, mdomo wazi, mpinzani wake kashamkimbia. Ukaingia mbele yake ukamvuta mpaka karibu na juu, halafu ukajiondoa pembeni. Wa kumi na tisa. Alama zinaishia kwa wa kumi na tano. Sifuri, na sifuri mara mbili ni sifuri.

Don Anselmo akasema taratibu, "Ndiyo kazi yake, Marleny." Nikamwambia afunge mdomo kabla sijammwagia kahawa. Najua ni kazi yake! Na ligi ichukueni, sililii ligi.

Kinachonichoma ni kwamba ulimsubiri. Mtu asiyejua hata jina la mama yetu, umesimama ukamsubiri, na ulikuwa unashinda. Mimi nilikusukuma mpaka ukafika huko juu, na ulipofika hukugeuka hata kuangalia nani yuko nyuma.

Usiniandikie.

Marleny


Roma
30 Mei

Dada Marleny,

Shikamoo. Umesema nisikuandikie, nakuandikia.

Siku ile kwenye kona sina cha kujitetea. Waliniambia redioni, "Simama, Joris amebaki peke yake." Nikahesabu mpaka tano nikijifanya sijasikia. Kisha nikasimama.

Mbio zimeisha. Joris kazishinda kwa sekunde kumi na moja, na kila mtu anasema alizipata siku ile nilipomvuta. Leo akanikokota mbele ya kamera, akasema, "Bila huyu nisingekuwa hapa." Mtangazaji yule yule wa kwetu akanigeukia: "Wilmar, yatima aliyejilea mwenyewe, unajisikiaje?" Nyuma yake Corrado anatabasamu, kidole gumba juu.

Nikasema: "Si kweli. Nilidanganya. Nina dada. Anaitwa Marleny Cipagauta, wa Toca, anauza maziwa, ndiye aliyenisaidia mpaka nikafika hapa."

Corrado akanishika bega akaniondoa. Sijui kama huko mlionyeshwa au walikata.

Kwenye basi akaniambia filamu nimeiua, na mkataba nisiungoje. Joris kamfokea mbele ya wote, lakini Joris haandiki mikataba. Naogopa, dada. Kazi nyingine siijui.

Mdogo wako, kama unaruhusu,
Wilmar


Toca
1 Juni

Wilmar,

Marahaba.

Ilifika. Mimi sikuwepo, nilikuwa naosha tangi, nimeapa sitazami. Don Anselmo akaja mbio na aproni, unga mpaka kwenye nyusi, hawezi kusema, ananyoosha mkono tu upande wa duka. Nikadhani umekufa. Kwa hiyo na yeye nimemkasirikia.

Wakanirudishia ile sehemu mpaka tulipochoka. Mjane wa Fonseca kalia, halafu kasingizia kitunguu.

Sasa sikia makosa yako. "Anauza maziwa." Nina tangi, nina lori, nina wafugaji kumi na wanne wanaonipimia kila siku, ungeshindwa nini kusema? Na hilo la "aliyenisaidia" ndilo limenifanya nisilale. Kusaidia ni kumshikia mtu kapu apande basi. Mimi nilikulea. Halafu umesema mbio mbio, macho kwenye viatu, kama mtu anayeungama wizi. Hiyo ni nusu sentensi. Nimeipokea kama nusu.

Kwenye ligi nimemaliza wa tano. Padri kanipita. Habari hiyo sitaki izungumzwe.

Kuhusu mkataba, wakikupa, chukua. Unaijua kazi yako. Niliiona siku ile kwenye kona, na ndiyo maana nilikasirika vile. Wasipokupa, usikae huko ukimlilia Corrado. Dereva wangu wa lori la alfajiri anaacha kazi mwezi wa saba. Mshahara ni ule ninaomlipa yeye, siongezi senti kwa sababu ya undugu, na siku ukichelewa nakata.

Lakini wakupe wasikupe, kwanza unakuja nyumbani. Utaingia dukani mchana watu wakiwa wamejaa, na utaimalizia ile nusu iliyobaki. Polepole, ukiniangalia usoni.

Hasira bado ninazo. Chumba chako nimekipiga deki.

Dada yako aliyekulea,
Marleny