Juisi ya Maganda ya Nanasi

Jumanne jioni

Sikuchemsha maji. Mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha, nikajiambia maganda ya nanasi yakishachacha ndani ya mtungi, ule ukali utaua kila mdudu. Lakini maji ni ya kile kisima kilicho karibu na vyoo, na leo redio imesema kipindupindu kimeingia mtaani kwetu Nyalenda.

Na mimi asubuhi nilimpa Mama Akinyi, jirani yangu, chupa nzima ya hiyo juisi. "Mpe mtoto, inasafisha tumbo," nikasema, kama daktari!

Nyasaye, Mungu wangu, kama kuna kitu ndani ya...

Mama Akinyi amebisha sasa hivi. Kalamu bado iko mkononi, mlango sijafungua.

"Mama Otieno, ile dawa yako imebaki? Akinyi ameanza kuhara."