Vumbi la Nyota na la Katani

Jumatatu, 7 Oktoba 1957
Warusi wamerusha kitu angani! Redio ya karani wa shamba la katani imesema. Darasa langu leo halikukalika. Wananiuliza jua na sayari zilitoka wapi. Nami najua? Nitamwendea Padre, ana vitabu.

Jumanne, 8 Oktoba
Padre anasema wataalamu bado wanabishana, ila wengi wanaelekea hivi: jua lilipokuwa changa lilizungukwa na wingu la gesi na vumbi. Chembe zikagongana, zikashikana, zikawa kokoto, zikawa majabali, hatimaye dunia. Karibu na jua palikuwa na joto, yakabaki mawe. Mbali, kwenye baridi, sayari ya Mshtarii ikajikusanyia gesi hadi ikawa jitu.
Darasani nikanyunyiza maji kwenye ungo wa unga, nikatikisa. Madonge! Watoto macho yamewatoka. Nimefurahi — siku nyingi sijafurahi.
Mume wangu Ernesti karudi kutoka mashine ya brashi ya kusugua nyuzi, mweupe wa vumbi la katani hadi kope. Nikamsimulia. Akacheka: basi mumeo kifuani ana dunia ngapi, Mwalimu? Kicheko kikageuka kikohozi. Kirefu. Nimejifungia jikoni nikalia.

Alhamisi, 10 Oktoba
Kesho daktari wa shamba anapima watu wa brashi. Anayekohoa huachishwa kazi na kurudishwa kwao, na kwao Ernesti ni Songea. Mama alinionya nisiolewe na manamba, mkataba ukiisha nitabaki na nini? Sikusikia. Nampenda.
Jirani yangu Mwatumu kanifundisha: asali na tangawizi, arambe kabla hajaitwa. Kambi nzima hufanya hivyo. Nimetwanga tangawizi.

Ijumaa, 11 Oktoba
Kapita! Hakukohoa hata mara moja. Tumechinja kuku, majirani wamekuja kutupa hongera.
Hongera ya nini? Mtu karudishwa vumbini, nasi tunakula pilau.

Jumapili, 13 Oktoba
Damu. Kwenye leso, kisha kwenye mto. Anasema ni fizi. Fizi! Mimi mtoto?
Misa imenipita, sikusikia neno. Vumbi la Padre lilichukua miaka isiyohesabika kuganda. La mume wangu laganda kila siku, nami naliona. Sitaki afe. Wala sitaki aende zake. Mungu wangu, nichague lipi?

Jumatatu, 14 Oktoba
Naandika kwenye benchi la zahanati ya shamba. Nimemleta kwa hila, nikamwambia ni dawa ya homa tu. Daktari yumo ndani naye. Ernesti kakana yote: hakohoi, hajatema damu, kifua kizima kama cha ng'ombe.
Dresa, msaidizi wa daktari, katoka kuniuliza mimi. Mama Mwalimu, ni kweli ayasemayo mzee? Nikamwomba anisubiri kidogo. Mlango uko wazi, Ernesti ananitikisia kichwa — nisiseme.
Dresa ananiita tena. Haya, nakwenda. Sithubutu kumtazama mume wangu.