Sauti Chini ya Meza

Bangkok,
Jumanne, 9 Februari

Shangazi Bunruean mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti lile halikusumbui tena unapopanda kilima kwenda kwenye miduriani yako. Paka wako hawajambo wote? Mimi ni mzima, nimekonda tu, na wapodoaji wananicheka kwamba sasa naweza kucheza mzimu bila kupakwa kitu.

Bila shaka habari zimefika hata huko Uttaradit. Jiab wako, mke mwenza katili wa kila tamthilia, sasa ni mtayarishaji na mwongozaji wa filamu. Miaka kumi na tisa nimewazaba watu makofi kwenye televisheni. Unamkumbuka yule muuza papai aliyekataa kuniuzia, akisema hamlishi mtu aliyemtilia mama mkwe wake sumu? Basi wenye kampuni za filamu nao walikuwa walewale. Miaka mitatu nilizunguka na hadithi yangu mkononi, wananipa chai, wanayasifia macho yangu makali, halafu wananiuliza ni nani hasa ataiongoza. Mwishowe nikaanzisha kampuni yangu mwenyewe, ofisi juu ya duka la matairi la shemeji.

Siku ya kwanza tuliweka sadaka ya maua na kichwa cha nguruwe mbele ya kamera, tukawasha ubani, nikaomba nisiaibike. Nikaaibika palepale. Taa tayari, waigizaji tayari, nami nimekaa kimya kwenye kiti changu kipya. Ekkachai, fundi wa sauti, akaniuliza kwa upole tunamngoja nani. Shangazi, nilikuwa nakungoja wewe. Miaka yote hiyo kwangu kazi ilianza nikisikia sauti yako kwenye kile kidude cha sikioni, ikinisomea maneno yangu kipande kwa kipande huku kamera ikiendelea, na nilisahau kabisa kwamba sasa wa kusema tuanze ni mimi.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni Mzee Sawat, mwigizaji wetu mkongwe. Nilimpa sehemu ya baba anayerudi nyumbani baada ya miaka ishirini, anakaa mezani na kumwomba binti yake uji wa wali. Ana miaka sabini na minane sasa. Mkewe aliniambia kwamba nyumbani alikuwa anayatiririsha maneno yake yote hata akioga. Mbele ya kamera yakamtoroka. Tulirudia mara kumi na nne. Ile nyumba tulikuwa tumeazimwa kwa siku hiyo moja tu, na jua lilikuwa linatuaga. Msaidizi wangu akaninong'oneza tutafute mzee mwingine. Hakunong'ona vya kutosha. Mzee Sawat akavua kofia, akaniambia, "Mwanangu, usinionee haya. Mpe mwingine tu, mimi nimekwisha."

Nikamtazama alivyosimama, ameinamisha kichwa pembeni kidogo, na nikajua. Hakuwa amesahau. Miaka arobaini alizoea kusomewa, na sikio lake lilikuwa bado linakutafuta. Nikachukua karatasi zangu, nikaingia chini ya meza kwa magoti, nikaanza kumsomea.

Nilisoma kwa uchungu, Shangazi, sauti inatetemeka, machozi juu. Akaniiga kama kasuku. Kisha akainua kitambaa cha meza na kuchungulia.

"We binti, unacheza wewe au nacheza mimi? Bunruean alikuwa ananipa maneno tu. Machozi alikuwa ananiachia mwenyewe."

Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka huko chini mpaka nikagonga kichwa.

Nikasoma tena, safari hii kama ulivyokuwa ukisoma wewe: bila chumvi, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya sokoni, kipande kifupi, halafu nanyamaza na kungoja. Nilikuwa naiona miguu yake tu, kwenye kandambili. Ikatulia. Ikatoka sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu. Alimuuliza binti yake kama uji umebaki, basi, maneno mawili matatu, na nywele zilinisimama mwili mzima. Nilipotoka, Ekkachai alikuwa amegeukia ukutani anajifuta uso. Nilibaki nimekaa sakafuni nikistaajabu kwamba hiki ndicho ulichokuwa ukitufanyia kila siku, sote, na sisi tulikiita kusoma. Sasa wananisifu kwamba najua kuongoza. Najua kazi hiyo niliionea kwako.

Nimefika mahali ambapo nimekuwa nikipakwepa tangu mwanzo wa barua. Siku ulipoachishwa kazi, nilikuvisha shada la maua na kulia begani mwako hadi ukanibembeleza wewe. Baadaye ukaniandikia kwamba unajua ni mkurugenzi wa kituo tu ambaye hakukupenda, na kwamba unaniombea. Shangazi, mkurugenzi aliniita kwanza. Waigizaji vijana walikuwa wamelalamika kwamba unachelewa kuwasomea, akataka kujua nasemaje mimi niliye karibu nawe. Alikuwa ameniahidi sehemu ya mama mwema, mara moja tu nipumzike kuchukiwa. Nikamwambia ni kweli, umechoka, macho yako yanaruka mistari. Ulikuwa hujaruka hata neno. Na ile sehemu sikupewa.

Nina aibu, na sina cha kujitetea.

Filamu inaonyeshwa mara ya kwanza tarehe 27, saa kumi jioni. Nilitaka nikutumie mwaliko peke yake, uje, ukae, ufurahi, yaishe. Nikashindwa. Sikutaka ukae kando yangu bila kumjua uliyekaa naye. Mzee Sawat anakusalimu sana, anasema uje na pilipili yako ya kusaga. Shemeji na watoto nao wanakuamkia.

Kiti chako kipo katikati, kati yangu na mzee. Ukifika ukakiona changu kitupu, usiulize. Nitakuwa nimesimama nyuma karibu na mlango, nikingoja uniambie kama nije nikae.

Mwanao,
Jiab