Tambi za Bibi Basilisa

Jaro, Iloilo
9 Juni

Perlita, mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Riyadh, na kwamba mgongo wako umetulia. Sisi hatujambo. Mvua zimeanza, paa la jikoni linavuja pale pale, na mume wangu Nestor anasema atalipanda Jumamosi, kama alivyosema mwaka jana.

Utakuwa umesikia kwamba Jovelyn alianguka wodini. Kabla hujaanza kulia, jua kwamba mwanao ni mzima na amesharudi darasani. Nakueleza nilivyoona mwenyewe, maana yeye atakwambia aliteleza.

Mwezi huu wanafunzi wa uuguzi, mwanao akiwamo, wameletwa kwenye wodi yangu ya wanawake. Asubuhi ile Jovelyn alikuwa akimfundisha Bibi Basilisa, mgonjwa wa kisukari, kwamba asiache kifungua kinywa hata siku moja. Alifundisha vizuri, picha mkononi. Alipofika kwenye mboga za majani akakaa chini polepole, kisha akalala sakafuni.

Tulipompima, sukari yake ilikuwa chini kuliko ya mgonjwa yeyote pale. Tangu jana yake alikuwa na kahawa tu tumboni. Tukamnywesha maji ya sukari, na alipoweza kuketi, bibi akafunua bakuli la tambi alizoletewa na binti yake.

Unatujua sisi wauguzi na imani yetu ya tambi: zikiliwa kazini, wagonjwa humiminika bila kukatika. Wauguzi wangu wote wakanitazama mimi.

"Tambi mnaziogopa, njaa hamuiogopi?" bibi akawauliza. "Kula, mjukuu wangu. Mimi si mmenikataza?"

Nikaruhusu. Jioni wagonjwa walijaa mpaka kwenye korido, na hadi leo lawama zote ni za Jovelyn.

Nyumbani nilimuuliza kwa nini hali.

"Mama naye hali, mama mkubwa," akasema. "Kila akipiga simu anasema hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi, na wewe unamsifu kuwa ni mchapakazi."

Nakusifu kweli. Hata wodini, anayekwenda kula kwa wakati tunamwona mvivu, na anayemaliza zamu kwa kahawa na biskuti ndiye tunayempigia makofi. Sasa nawatoa wakale mmoja mmoja, na wananung'unika kweli kweli. Waache wanung'unike. Niliogopa, Perlita. Alipolala pale sakafuni sura yake ilikuwa yako kabisa.

Nestor anakusalimu, na shangazi Consuelo pia, ambaye bado anaulizia ile shali uliyomwahidi. Mungu akutunze katika zamu zako na akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Jovelyn atakupigia Jumapili baada ya misa. Usimhubirie. Akukute unatafuna.

Dada yako akupendaye hata akikugombeza,
Herminia