Kijiko cha Nyamizi

Mama,

Mwaka sasa tangu tukuzike, na wanawake wa soko la Kashaulili bado wanakutaja. Jana muuza dagaa wa Karema alinishika mkono akaniambia wanawe wote watatu walilelewa kwenye baraza lako pale Misunkumilo wakati yeye akiuza sokoni, na hakuna aliyewahi kurudi nyumbani na njaa. Nikaitikia, nikanunua dagaa nisiowahitaji, nikaondoka. Naona haya kupokea sifa zako.

Unamkumbuka Nyamizi kwenye beseni? Swali gani hilo. Ni wewe uliyemtandikia vitenge vyako vikuukuu humo ili shingo ipate pa kuegemea, maana alikuwa na miaka mitatu na mwili wake haukuweza kukaa. Wenzake walimaliza uji, wakacheza, wakalala, wakaamka, na wewe bado una kijiko mkononi unapuliza. "Huyu hana haraka," ulikuwa unasema, "na mimi sina safari."

Kisha nikarudi mimi kutoka chuo, na mradi mkononi. Nilikukalisha kwenye kigoda chako nikakufundisha, wewe uliyenilea, kwamba mtoto mdogo ni mtaji. Ukiwekeza kwake kabla ya darasa la kwanza, kesho taifa litavuna mfanyakazi bora. Niliyasema vizuri, Mama. Nilikuwa na mabango ya rangi. Ulisikiliza mpaka mwisho, ukauliza jambo moja tu.

"Na Nyamizi mtamvuna nini?"

Nilicheka. Nikakwambia mambo ya sera ni mapana.

Mradi ulileta kwenye baraza lako viti vidogo, choo kipya na unga wa lishe. Ulileta na kipimo: mtoto ataje rangi, apange vizibo, ahesabu. Nafasi zilikuwa chache, na kila nafasi ilitakiwa ionyeshe maendeleo. Nyamizi hakutaja rangi wala hakupanga kizibo. Hakuna aliyeniagiza nimwondoe, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilijiongeza mwenyewe. Nikakata jina lake kwa rula ili karatasi isichafuke.

Uliposikia hukunigombeza. "Sawa, Mwalimu," ulisema, na tangu siku ile hukuniita tena Anastazia. Ukabeba beseni na Nyamizi ndani yake, ukahamia nyuma ya jiko, ukawa unampikia kwenye sufuria yako huku wenzake wakinywa uji wa mradi hatua chache kutoka hapo. Hata siku zako za mwisho, vidole vilipokataa kushika kijiko, uliniuliza kama amekula. Nilisema ndiyo. Sikuwa nimeenda kuangalia.

Nina hasira, Mama. Nina hasira na mabango yale na maneno yake matamu, yanayompenda mtoto kwa sababu ya mtu mzima atakayekuja kuwa. Hata na wewe nina hasira, kwa kuwa ungenizaba kofi siku ile labda ningeelewa. Lakini mkono ulioshika rula ni wangu, na siwezi kumsingizia mtu.

Ulipoondoka, Nyamizi akawa analazwa chini ya meza sokoni, mama yake akiuza mchele juu. Mwezi uliopita nilimfuata mama yake pale nikamwomba amrudishe kwetu. Alikuwa anampimia mteja mchele.

"Nyie si mlisema hafai?"

"Mimi ndiye niliyesema."

Akaendelea kupima, akamaliza, akafunga mfuko. "Beseni lipo?"

Lipo, Mama. Nimelitandika mwenyewe. Siku ya kwanza alipaliwa na uji kwa haraka zangu. Sasa najua kupuliza.

Nikamjazia fomu upya. Safu ya mwisho inauliza matokeo yanayotarajiwa. Nikaandika: Atakunywa uji. Fomu ikarudi na wino mwekundu, kwamba hayo si matokeo, nirekebishe. Leo nimeijaza tena. Nimeandika yale yale, halafu nikaongeza: Hana haraka.

Waache wairudishe. Pumzika, Mama. Na mimi sina safari.

Mwanao,
Anastazia, kama bado unaniruhusu