Kisima Kilichofaulu

Jumanne, 6 Mei 2025

Wazima wote leo, alhamdulillahi. Baba Tunu mzima, mgongo tu. Bi Mwanakombo, mama mkwe wangu, mzima, kamaliza bakuli la uji na bado kalalamika sukari. Kuku wa shingo tupu naye kaangua. Tunu kapiga simu kutoka Morogoro, mzima na tumbo lake, miguu ndiyo inavimba. Anakuja kujifungulia hapa. Uzazi wa kwanza ni kwa mama, mumewe karidhia.

Kisichokuwa kizima ni maji ya kisima. Tangu waanze kuosha kokoto kule juu machimboni, yamekuwa kama maji yaliyooshewa mchele. Yakilala kwenye sufuria, asubuhi chini kuna tope jeupe. Jirani yangu Recho, mwanawe anaharisha haponi. Mie namuwaza mtoto wa Tunu.

Kesho wanakuja wapimaji wa maji. Watapima kijito, na kwa mtaa huu kisima kimoja tu — chetu, ndicho cha karibu na machimbo kuliko vya wenzetu. Wageni wachote maji yale kwangu? Aibu. Bi Mwanakombo kasema tia shabu uchafu uzame, mbona sie tulitiaga tangu wasichana. Mie huwa natia kwenye ndoo tu. Leo nimefunga bonge zima kwenye kipande cha kanga, nikalining'iniza kwa kamba, nikalizungusha mule kisimani mpaka mkono ukafa ganzi.

Jumatano, 7 Mei

Asubuhi nimeinama kisimani nikajiona mpaka mkunjo wa ushungi. Maji yanameremeta.

Mpimaji kaja, kijana mrefu wa Bukoba, jina lake Gozbert. Shikamoo mama. Marahaba baba. Ana utepe anaushusha kisimani, ukigusa maji unalia. Baba Tunu kamwambia, huo wako si utepe, kitoto kichanga hicho. Wakacheka. Halafu kijana kauliza, mzee, kuna chochote mmetia humu siku hizi? Baba Tunu kasema hatutii kitu, haya ni maji ya Mungu.

Nilikuwa jikoni nageuza chapati. Nimesikia. Lakini nitoke na mwiko mkononi nimsahihishe mume wangu mbele ya mgeni? Na shabu nayo kitu? Kila nyumba ipo.

Kajaza chupa zake. Kala chapati tatu. Kaniachia namba, kasema mama ukiona maji yamegeuka nipigie.

Jumatatu, 12 Mei

Yamerudi meupe. Nimetia shabu tena. Yakawa mazuri.

Alhamisi, 22 Mei

Sijui nianzie wapi.

Mkutano ofisi ya mtaa. Gozbert kasoma majibu. Kijito kimechafuka, chini ya machimbo hakifai hata kwa mbuzi. Kisima cha Baba Tunu kimefaulu. Watu wakapiga makofi, wananigeukia mie, kama vile nina mwanafunzi kafaulu mtihani. Bwana wa machimbo kasimama na kofia yake ngumu, kasema basi chini ya ardhi hakuna shida, kazi inaendelea, kijito tutakijengea kingo.

Recho kanyoosha mkono. Mbona mie nikipikia wali maji ya kisima changu unakuwa wa kijivu? Gozbert kamjibu kwa upole, dada, cha karibu kabisa na machimbo kikiwa safi, cha kwako ni cha mbali zaidi.

Halafu mzee mmoja kauliza, je tutie shabu? Gozbert kasema tieni kwenye ndoo, siyo kisimani. Ukitia kisimani uchafu unazama, sie tunachota juu, kipimo kinatudanganya. Na ule uchafu wa mawe upo palepale, mvua moja tu unaibuka. Kwa mtoto mchanga ndiyo mbaya kabisa.

Nilikuwa nimekaa benchi la mbele. Nimeangalia ndala zangu mpaka mkutano ukaisha.

Nyumbani nimemwambia Baba Tunu. Kaacha kula. Mama Tunu, nilisema mbele ya watu hatutii kitu. Nikamwambia hukujua. Kasema ndiyo sikujua, sasa uzee huu niitwe mwongo? Nyamaza.

Ijumaa, 23 Mei

Foleni ya ndoo uani kwangu. Mtaa mzima unataka maji yaliyofaulu.

Recho kaja na madumu mawili, mtoto mgongoni. Shoga, kisima chako sasa kina cheti, utatuuzia? Anacheka. Nimemwambia chemsha. Ya nini, si yamepimwa? Nikasema kamba imekatika. Kamba ilikuwa mbele yake, mbichi bado. Kaitazama, kanitazama, kabeba madumu yake matupu kaondoka hajaaga.

Jioni nimesikia, Mama Tunu kapata kisima kapata na choyo.

Afadhali choyo. Lakini mwanawe kalala kanywa nini? Ya kisima chao.

Jumamosi, 24 Mei

Tunu kapiga asubuhi, yuko stesheni Morogoro anasubiri treni. Nimemwambia mwanangu, si ungengoja kidogo. Kasema, mama, hunitaki? Nikasema njoo, njoo mama.

Kapiga tena, kashapanda. Anasema ana hamu na maji ya kisima chetu. Ya huko yananuka bomba. Mama nichotee mtungi, nikifika nikute yamepoa.

Mtungi uko hapa, mtupu. Nimeuosha.

Nimemwambia Baba Tunu nitasema. Kachukua jembe kaenda kwenye mihogo, na mgongo wake ule.

Recho anapiga hodi nje, nimemwambia karibu shoga, kaa hapo kivulini, leo nina neno na wewe. Nimemaliza kwanza kumwandikia Gozbert, meseji ndefu, naiweka na hapa nisije nikajidanganya baadaye:

Baba Gozbert, ni mama wa chapati. Kisima mlichopima kilikuwa na shabu. Nilitia mie, mume wangu hakujua kitu. Rudini mpime tena, na cha Recho mpime. Binti yangu anakuja na mimba ya miezi minane. Nambie anywe nini. Nijibu upesi baba, treni ishapita Ruvu.