Betri za Redio ya Baba

Mjukuu wangu Nyangeta,

Hapa Kiriba hatujambo. Mihogo imekauka vizuri, na mguu wa babu yako umepona, maana ameanza tena kunigombeza.

Umeniuliza kama ni haki mama yako kukusanya simu zenu saa tatu usiku. Nilipokuwa na umri wako, baba alikuwaga anachomoa betri za redio tukishakula, anazitia mfukoni mwa koti. Usiku mmoja hasira zilinipanda, nikatoka nje nikalie peke yangu. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda, anatazama ziwani.

Mwezi haukuwepo. Karabai za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimejaa majini mpaka macho yanapoishia, kama mji mkubwa kuliko Musoma umehamia juu ya ziwa. Nilizijua taa hizo tangu utoto, ila sikuwahi kukaa kuzitazama. Kilio chenyewe nilikisahau.

"Baba, unatazama nini?"

"Kaka yako Magesa yuko kwenye mojawapo ya zile," akasema. "Sijui ni ipi, kwa hiyo nazitazama zote."

Kumbe ndivyo alivyokuwa akifanya kila Magesa akiingia ziwani, na mimi niko ndani nimenuna kwa sababu ya nyimbo zangu. Nikakaa chini karibu naye.

Mama yako sitamsemea. Kesho ukishampa simu, usikimbilie chumbani. Muulize huwa anatazama nini usiku, ninyi mkiwa kwenye simu.

Nakupenda,
Bibi yako